Nguo ya Kushona na Nguo ya Kununua: Kila Moja Ipewe Mizani Yake

Hotuba kwa wazazi, wakufunzi, mafundi na vijana wa Kitale na Bungoma



Mashindano ya mavazi si jambo geni katika sehemu hii ya nchi. Shule huyafanya siku ya utamaduni, makanisa huyafanya kwenye makongamano ya vijana, na vyuo huyafanya siku ya mahafali. Kuanzia Endebess hadi Kiminini, kuanzia Kimilili hadi Kanduyi, kijana akiambiwa kuna shindano la kuvaa vizuri hahitaji kusukumwa. Tatizo haliko kwa vijana. Tatizo liko kwenye mizani inayotumiwa kuwapima.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Kijana mmoja amekaa kwenye cherehani wiki mbili, amedungwa na sindano, amefumua mshono na kuurudia, mpaka amepata gauni la kitenge lenye bitana. Mwenzake ameingia dukani na kutoka na suti iliyokamilika. Wote wawili wanapita jukwaa lile lile, mbele ya waamuzi wale wale, na mshindi anapatikana kwa wingi wa makofi. Aliyeshona akishindwa, anarudi nyumbani akiamini kwamba kazi ya mikono yake haina thamani. Aliyenunua akishinda, anajua moyoni kwamba mfuko wa mzazi ndio ulioshinda. Na yule mzazi aliyekuwa ukumbini akijiuliza kama alipe karo ya kozi ya ushonaji, ameshapata jibu, nalo ni jibu lisilo la haki.

Jambo hili linahusu kaunti moja kwa moja. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia serikali za kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani. Kwa hivyo kijana anayeketi mbele ya cherehani katika chuo cha wadi yake anasoma chini ya mwavuli wa kaunti. Akivunjwa moyo na shindano lililoandaliwa vibaya, hasara ni ya kila mlipa kodi aliyegharamia ile cherehani.

Mfano ulio karibu

Njia ya kulitatua jambo hili ilishapatikana zamani. Mwaka wa 1902, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, kulianzishwa chama cha watoto wa wakulima ambacho kilikuwa chimbuko la vyama vya 4-H. Herufi hizo zinasimamia maneno ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Watoto walifundishwa kulima, kufuga, kupika na kushona, kisha wakapeleka kazi zao kwenye maonyesho ya kilimo ili zipimwe. Katika kaunti nyingi za Marekani mashindano ya mavazi ya vijana hao hugawanywa makundi mawili: nguo zilizoshonwa na mshindani mwenyewe, na nguo zilizonunuliwa. Kila kundi lina maswali yake na alama zake. Aliyenunua hashindani na aliyeshona.

Mbegu hiyo ilifika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Wazazi wengi waliosoma shule za msingi za Trans Nzoia na Bungoma wanazikumbuka bustani za 4-K, sungura na kuku wa chama, na mabango ya siku ya maonyesho. Vyama hivyo vilififia, kisha mwaka wa 2021 serikali ya kitaifa ikavizindua upya shuleni. Sukumawiki ya 4-K imerudi. Hakuna sababu sindano na uzi visirudi pia.

Kupima nguo iliyoshonwa

Fundi yeyote mzoefu atawaambia kwamba nguo hupimwa kwa ndani. Mwamuzi wa kundi la kushona aigeuze nguo nje ndani. Aangalie kama mishono imenyooka na kama uzi unafanana na kitambaa. Aangalie kama kingo zimepigwa ovaloki au zimekunjwa vizuri zisichanike. Aangalie kama kitenge kimekatwa kwa kufuata maua yake, ili kifua kisiwe na ndege anayeruka na mgongo uwe na ndege anayeanguka. Aifungue zipu na kuifunga mara tatu. Avute kifungo kidogo. Apime pindo pande zote mbili kwa futi ya kupimia. Baada ya hapo nguo ivaliwe, aone inavyokaa mabegani, kiunoni na kwenye mikono.

Swali la pili ni nani aliyeshona. Si siri kwamba kuna nguo huingia mashindanoni zikiwa zimeshonwa na fundi wa kona, na kazi ya mshindani imekuwa kulipa tu. Dawa yake si kuwashuku vijana mbele ya watu. Kila mshindani aje na daftari lenye vipimo alivyochukua, mchoro wa nguo, kipande cha kitambaa kilichobandikwa, na tarehe za hatua za kazi. Kisha, saa moja kabla ya onyesho, washindani wote wapewe kazi ndogo ile ile mbele ya waamuzi: kutia zipu kwenye kipande cha kitambaa, au kutengeneza tundu la kifungo na kushona kifungo chake. Aliyeshona gauni hatashindwa na zipu. Asiyeshona atajulikana bila kutukanwa.

Swali la tatu ndilo husahaulika, na ndilo lenye chakula. Mshindani aulizwe nguo yake imegharimu kiasi gani na angeiuza kwa bei gani. Chukueni mfano wa hesabu tu. Msichana amenunua mita 3 za kitambaa kwa shilingi 250 kila mita, jumla shilingi 750. Uzi, zipu na vifungo vimemgharimu shilingi 100. Amefanya kazi kwa saa 6. Akisema angeuza gauni hilo kwa shilingi 900, basi amebaki na shilingi 50 kwa saa 6 za kazi, kabla hata ya kulipia stima na kodi ya chumba. Kijana wa aina hiyo anaweza kufunga biashara ndani ya mwaka mmoja akidhani amekosa bahati, kumbe alikosa hesabu. Afadhali alijue hilo akiwa jukwaani kuliko akiwa na deni.

Kupima nguo iliyonunuliwa

Wapo watakaosema kwamba kununua si kazi, na kwamba kundi la pili halistahili tuzo. Waliowahi kuinama juu ya rundo la mitumba asubuhi yenye baridi wanajua ukweli. Wengi wa wakazi wa kaunti hizi huvaa nguo za kununuliwa, na nyingi ya hizo ni za mitumba. Kujua kuchagua ni ujuzi unaolinda mfuko wa familia.

Kila mnunuzi anajua kwamba robota likifunguliwa, nguo bora, zile wanazoziita kamera, huondoka mapema, na mabaki huishia kwenye fagia. Lakini katika fagia hiyo hiyo mwenye jicho huokota koti zuri kwa bei ya soda chache. Kundi la kununua lipime jicho hilo. Mshindani aulizwe: je, aliinua nguo kwenye mwanga kuangalia kama imechakaa? Aliangalia kwapa, kola na mapaja, mahali ambapo nguo huchoka kwanza? Alisoma kibandiko cha ndani kujua ni pamba, sufu au nailoni, na kama inaoshwa kwa maji ya moto au ya baridi? Aliifua kabla ya kuivaa? Aliipeleka kwa fundi ipunguzwe kiuno, na alilipa ngapi?

Kisha ije hesabu ya mara za kuvaa. Huu ni mfano mwingine. Koti la mitumba la shilingi 600 likivaliwa siku 2 kila wiki kwa wiki 40, litakuwa limevaliwa mara 80, na kila mara imegharimu shilingi 7 na senti 50. Gauni la shilingi 1,500 lililovaliwa kwenye harusi 3 kisha likakunjwa, kila mara limegharimu shilingi 500. Hakuna anayekataza gauni la harusi. Lakini kijana wa miaka 15 anayeweza kuifanya hesabu hiyo kichwani, akiwa amesimama sokoni na noti mkononi, amepata elimu itakayomfaa hata siku ya kununua mbolea au kulipa kodi ya nyumba.

Ili pesa zisiamue mshindi, waandaaji waweke kikomo cha bei cha vazi zima, viatu vikiwemo, na watangaze kikomo hicho mapema. Ambaye hana risiti, maana wauzaji wengi wa mitumba hawatoi, aandike bei na soko alilonunulia. Waamuzi wanaoyajua masoko ya Kitale, Chwele na Bungoma mjini watatambua bei ya uongo.

Kuna kundi la tatu linalofaa kuongezwa pale ambapo washindani wanatosha: nguo ya mitumba iliyogeuzwa. Suruali kubwa ya jinzi inakuwa sketi na mfuko wa vitabu; shati la baba linakuwa gauni la mtoto. Kundi hili linamfaa kijana asiye na pesa za kitambaa kipya, na linawakutanisha muuza mitumba na fundi, watu wawili wanaodhaniwa kuwa maadui.

Mitumba na viwanda

Uadui huo una historia, na vijana wanastahili kuijua. Magharibi mwa Kenya pamba ililimwa, na kiwanda cha kuchambulia pamba cha Malakisi, katika Kaunti ya Bungoma, ni ushahidi. Kisumu kulikuwa na kiwanda cha nguo cha KICOMI. Eldoret, mwendo mfupi kutoka Kitale, Rivatex ilianzishwa mwaka wa 1976. Miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, mitumba iliingia kwa wingi na viwanda vingi vikalemewa, ingawa usimamizi mbaya, madeni na gharama ya umeme vilichangia pia. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007 na ikazinduliwa upya mwaka wa 2019 ikiwa na mitambo mipya.

Mwaka wa 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba polepole. Marekani ilipotishia kuzinyima nafasi ya kuuza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA, Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ilisimama imara, na mwaka wa 2018 ikapoteza nafasi hiyo kwa upande wa mavazi. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, Kenya ilifunga uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa, na familia nyingi zilizotegemea biashara hiyo ziliona cha mtema kuni.

Shindano la vijana haliwezi kumaliza ubishi uliowashinda marais. Lakini linaweza kumpa kijana jibu lake mwenyewe. Mitumba haiwezi kuleta sare ya shule yenye rangi na beji ya shule ya hapa. Haiwezi kuleta joho la kwaya la vipimo vya wanakwaya wa kanisa fulani, wala aproni ya muuguzi, wala nguo za harusi za wasimamizi sita wa vimo sita tofauti. Kazi hizo bado ni za fundi, na zinahitaji mishono inayostahimili kuvutwa, kufuliwa na kurithiwa na mdogo wa mwenye sare. Sheria ya ununuzi wa umma pia imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Fundi kijana aliyezoea kuandika gharama zake kwenye daftari la mashindano hatababaika mbele ya fomu ya zabuni.

Mazingira ya hapa

Kila shindano lifuate hali ya mahali. Kitale iko juu, na upepo wa Mlima Elgon haumwonei haya mtu aliyevaa kitambaa chepesi. Basi pawe na tuzo kwa vazi la baridi na mvua, na tuzo kwa vazi la kazi: ovaroli ya shambani, aproni ya jikoni, sare ya shule. Vazi la jukwaani lina nafasi yake, lakini siku za jukwaa ni chache na siku za kazi ni nyingi.

Tarehe pia ni muhimu. Machi na Aprili familia ziko shambani zikipanda mahindi, na pesa ziko kwenye mbegu na mbolea. Januari ni mwezi wa karo. Likizo ya Agosti, na ile ya mwisho wa mwaka baada ya mavuno, zinampa kijana muda wa kushona na mzazi nafasi ya kufika.

Tuzo nazo zifikiriwe. Kikombe kinang'aa kabatini, lakini mkasi mzuri wa fundi, pasi, mita kumi za kitambaa, au kulipiwa mtihani wa ufundi wa NITA wa Gredi ya 3, vinafungua mlango. Kijana mwenye cheti hicho anaweza kuajiriwa, na anaweza kupanda hadi Gredi ya 2 na ya 1 hata kama masomo ya darasani hayakumwendea vizuri. Kwa mshindi wa kundi la kununua, akaunti ya akiba iliyofunguliwa kwa jina lake inafaa kuliko nguo nyingine.

Heshima na usalama

Lipo jambo moja ambalo haliruhusu mzaha. Linalopimwa ni vazi, si mwili. Alama zisitolewe kwa urefu, wembamba, rangi ya ngozi wala mwendo wa madaha. Mtangazaji asiyeweza kueleza nguo bila kutaja maumbile ya msichana aondolewe kwenye kipaza sauti. Msichana mnene aliyeshona gauni linalomkaa sawasawa amefanya kazi ngumu kuliko aliyenunua la saizi ndogo, na waamuzi wanapaswa kulijua hilo.

Vyumba vya kubadilishia nguo viwe tofauti kwa wavulana na wasichana, vyenye milango inayofungwa na msimamizi mtu mzima wa kuaminika. Picha za watoto zisichapishwe bila idhini ya mzazi au mlezi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inadai hivyo. Jukwaa liwe na njia ya kiti cha magurudumu. Nguo iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, yenye zipu pembeni badala ya mgongoni au vifungo vinavyofungika kwa mkono mmoja, iongezewe alama za ubunifu.

Wavulana wasiachwe nje pia. Tembeeni barabara yoyote ya mji wa Kitale au wa Bungoma muone ni wanaume wangapi wanaolisha watoto wao kwa cherehani barazani. Mvulana anayechekwa kwa kushika sindano shuleni anafunzwa kuidharau kazi ambayo pengine ndiyo iliyomlipia karo.

Kazi iliyobaki

Shindano la aina hii halihitaji hoteli wala msanii wa kukodiwa. Linahitaji ukumbi wa chuo au wa kanisa, meza ndefu, mwanga wa kutosha, na waamuzi watatu: fundi anayeheshimika, mkufunzi, na muuzaji nguo anayejua bei. Linahitaji karatasi ya alama iliyobandikwa ukutani wiki sita kabla, ili kila mshindani ajue atakachoulizwa. Na baada ya matokeo, kila mshindani arudishiwe karatasi yake yenye maoni ya waamuzi, maana aliyeshindwa bila kuambiwa kosa lake hana cha kurekebisha.

Wakufunzi, anzeni na madaftari ya kazi muhula huu. Mafundi, wekeni kando vipande vya kitambaa vinavyobaki chini ya meza. Kuna mtoto atakayejifunza kutia zipu kwa kipande hicho. Wauzaji wa mitumba, karibuni muwe waamuzi, maana jicho lenu ni shule. Wazazi, mtoto akileta nguo aliyoishona, igeuzeni nje ndani kabla ya kusifu au kulaumu. Na nyinyi vijana, anayeshona ashone, anayenunua anunue, lakini kila mmoja aje na hesabu yake.